Sambusa Zilizolala

Nina ugomvi na mikrowevu. Chombo chenyewe ni kizuri, uji kinapasha, wali kinapasha, hata mimi ninacho, kimekaa juu ya friji kimefunikwa kitambaa. Lakini ukitia sambusa iliyolala humo ndani, inatoka ya moto na imelegea kama soksi iliyoloa. Nafundisha kemia katika shule moja ya upili hapa Garissa, kwa hiyo sababu ninayo: maji yaliyo kwenye nyama na vitunguu yanageuka mvuke, mvuke unatafuta pa kutokea, na pa kutokea ni kwenye manda, ule unga wa nje uliokaangwa ukakauka vizuri jana. Basi manda inalowana. Nimewaeleza walimu wenzangu jambo hili mara nyingi. Huniacha nimalize, kisha wanaendelea kutia zao.

Mimi hupasha kwa kikaango kikavu, moto mdogo, bila tone la mafuta. Kwanza nazitoa kwenye friji mapema ili ndani zisibaki baridi. Nazilaza upande mmoja, nazigeuza, halafu nazisimamisha kwenye ule mshono ulionata kwa unga. Ukisikia zinakwaruza kikaango, ujue zimerudi. Inataka subira, na mimi subira sina, ila kwa sambusa naipata.

Sambusa zenyewe sizinunui. Huletwa mpaka mlangoni kwangu. Ploti ninayokaa ina nyumba chache zinazotazamana, ua mmoja katikati, na mlango wangu unatazama wa mama mmoja Msomali, mtu wa Wajir kwa asili, mwenye umri wa mama yangu na sauti ya kuita ngamia. Kazi yake ni sambusa. Kila alasiri anatoa karai lake langoni na kukaanga mpaka beseni liishe. Ramadhani anakaanga maradufu, na kila jioni ya mwezi huo, kabla hajaketi kwake, ananiletea sinia. Hajawahi kubisha kwa mkono kwa sababu mikono huwa imejaa, hivyo anagonga mlango kwa mguu na kusema, "Mwalimu, fungua, naungua."

Mtu mmoja hawezi kumaliza sinia lile. Mimi nikila nne nimeshiba, na kwake kurudisha sambusa ni matusi. Zinazobaki zinalala kwenye friji, na asubuhi ndizo chai yangu. Hakuna mtu katika ploti aliyewahi kuniambia nisile mchana. Ni mimi niliyejiamulia, tangu Ramadhani yangu ya kwanza hapa: nafunga dirisha, nafunga mlango, naweka taulo chini ya mlango, napasha sambusa zangu na kuzila kimyakimya kama mtu aliyeziiba. Nikitoka naenda shule nikinuka bizari, na majirani wananisalimu kwa heshima zote.

Mwaka huo mama yangu alikuja katikati ya mfungo. Alitoka kwetu Murang'a na gunia la nduma, yale magimbi ya kwetu, sweta mbili ambazo sijui alidhani atazivalia wapi, na shughuli moja. Shule iliyo karibu na kwetu ilikuwa inatafuta mwalimu wa kemia. Mama alikuwa ameshaongea na mkuu wa shule hiyo, baada ya ibada, kando ya gari lake, na mkuu alikuwa amekubali. Kilichobaki ni mimi kuomba uhamisho. Tangu nipangiwe kazi Garissa, mama na baba walikuwa hawalali wakisikia habari za mashambulizi redioni, hata habari za Mandera, ambako ni mbali nasi kuliko wao wanavyodhani. Sikuwa na la kuwalaumu. Lakini sikutaka kwenda. Nilikuwa nimelizoea joto, nilikuwa na wanafunzi ninaowapenda, nilikuwa na nyumba yangu ambayo hakuna shangazi anayeingia bila hodi. Tatizo ni kwamba mimi, mwenye mdomo mkali kwa kila mtu, simwezi mama yangu. Nikimwambia hapana kwenye simu nasikia anavyopumua, na hapana yangu inageuka tutaona.

Jioni ya kwanza, mguu uligonga mlango. Jirani aliingiza sinia, akamsalimia mama, akamwambia amechoka na safari, alale, kesho wataongea. Mama alishika sambusa moja akaigeuza huku na huku.

"Ni nyama ya nini?" akaniuliza kwa Kikuyu.

"Mbuzi," nikasema.

Alikula nusu, akaiweka pembeni na kusema ameshiba. Akataka kujua kwa nini huyo mama hakuketi. Nikamwambia hajafuturu, ana haraka. Mama akaguna. Kwetu mtu akiingia nyumbani lazima anywe chai, hata kama amekuja kukudai, na mtu anayekuja kwako akasimama mlangoni ana neno lake.

"Unaishi na watu wasioketi kwako," alisema.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi, nami nilikuwa na masomo ya ziada ya kidato cha nne. Nikamwonyesha mama sambusa zilizolala, nikamwonyesha kikaango, nikamtolea hotuba nzima kuhusu mvuke na manda. Aliniangalia kama anavyomwangalia mtangazaji wa redio anayesoma utabiri wa mvua. Nilizungumza mpaka karibu nichelewe, na katika hotuba yote hiyo sikusema neno kuhusu dirisha.

Nilirudi saa saba na ushei. Nikiwa bado nje ya lango, harufu ikanipokea: nyama, kitunguu, dhania, bizari, mafuta yanayochemka. Harufu ya saa kumi na mbili na nusu jioni, saa saba mchana, kwenye ploti ambamo kila mtu amefunga isipokuwa sisi. Ndani ya ua niliona yote kwa mara moja. Mama haiamini gesi, anasema italipuka. Nyumba nayo ilikuwa tanuri. Kwa hiyo alikuwa amelitafuta jiko langu la makaa, akalileta katikati ya ua, kwenye kivuli, pakawa ndipo jikoni pake. Kwenye kikaango alikuwa ametia mafuta ya kutosha kukaanga kuku. Sambusa zilikuwa zinaogelea.

Na mbele yake, akiwa amechuchumaa na dira lake, gauni pana la Kisomali, amelikusanya magotini, alikuwa jirani.

Nilijua lazima nimwombe radhi, nikaanza kutafuta maneno. Jirani hakunipa nafasi. Alikuwa amekasirika, kweli, ila si kwa harufu.

"Mwalimu, hii ni mama yako? Mwambie atoe hio mafuta. Nimelala ndani, nasikia sambusa yangu inalia. Inakunywa mafuta mara bili."

Alikuwa amelala chali akingoja alasiri, akasikia mlio wa mafuta mengi, akajua kinachotendeka, na hakuweza kuvumilia. Njaa aliivumilia. Kuharibiwa sambusa, hapana.

"Si ndiyo ipate moto," mama akajibu kwa Kiswahili chake cha sokoni.

"Itapata moto. Ngoja." Jirani alikitwaa kikaango, akayamwaga mafuta kwenye kopo, akapangusa kikaango kwa gazeti. Akatoa makaa kadhaa, akayazika pembeni kwenye jivu. Alipomwona mama ananyoosha mkono kuchukua kifuniko, akamshika mkono kabisa. "Usifunike, mama. Ukifunika inatoa jasho. Weka kafu. Bindua bolebole. Sasa simamisha hapa, kwa mshono. Sikiliza."

Mama alisikiliza. Wote wawili waliinamisha vichwa juu ya kikaango, mama na kitambaa chake cha kanisa, jirani na shungi lake, mpaka zikaanza kukwaruza. Yale niliyoyaeleza asubuhi nusu saa yakapuuzwa, jirani aliyaeleza kwa maneno machache yakaeleweka. Sikuona haja ya kulalamika. Nilikuwa bado najisikia mwepesi kwa kutofukuzwa kwenye ploti.

Hapo ndipo mama alipofanya lile ambalo mtu wa kwetu lazima alifanye. Alichukua sambusa ya kwanza iliyopashwa sawasawa, ile nzuri kuliko zote, akaiweka kwenye kisahani, akamimina na chai, akavinyoosha vyote kwa jirani.

"Karibu, mama. Onja kamoja tu."

"Nimefunga, mama."

"Si hata sisi tunafunga?" mama akasema, akiwa na nia njema yote duniani. "Saa sita imeshapita."

Kanisani kwetu watu hufunga mpaka saa sita. Na mgeni akija kabla ya hapo, unafungua naye, kwa sababu Mungu hataki mgeni aone haya. Mama amefunga hivyo maisha yake yote na hajawahi kufikiria kwamba kuna namna nyingine. Nikajaribu kuingilia, naye akanisukuma kando kwa kiwiko, kisahani bado kimenyooshwa.

Jirani alicheka, lakini mikono hakuitoa. "Yetu ni mpaka jua iingie, mama. Jioni, inshallah. Jioni nitakuja, nikule ya kwako." Akajinyanyua kwa kushika goti, akarudi kwake, mlango ukafungwa.

Mama akashusha kisahani chini. Hakukitupa, ila chai ilimwagika. Nilimweleza kila kitu: alfajiri, magharibi, maji yenyewe hawanywi. Alisikiliza akipangusa chai kwa ncha ya leso.

"Kufunga nakujua, nimezaliwa kanisani," akasema. "Na 'jioni nitakuja' nakujua pia. Ndivyo mtu husema akiwa hatakuja." Kisha akanitazama, na nikajua ameshaamua jinsi ya kuamua. "Nitapika leo. Akija akila chakula changu, nitajua unaishi na watu. Asipokuja, Jumatatu unaomba uhamisho, na sitaki tutaona."

Alitaka kwanza kununua nyama, akakumbuka kwamba hajui nyama ya hapa ni ya mnyama gani, akasema nduma inatosha. Alichagua zile kubwa, akazimenya, akazichemsha kwa utulivu wa mtu anayepika harusi. Mimi nilifagia nyumba iliyokuwa imefagiliwa. Sikutaka kumwendea jirani kumwambia tafadhali njoo, maisha yangu yako mezani. Ningeona aibu, na tena mama angejua.

Alasiri jirani alitoa karai lake langoni kama kawaida. Kutoka dirishani nilimwona mgongo. Tuktuk zilisimama, watu wakachukua sambusa zao kwenye karatasi wakakimbia, kwa kuwa saa za mwisho kabla ya futari mji mzima unakimbia. Adhana ikaita. Alikunywa maji palepale, akatia tende mdomoni, akaingia ndani kuswali. Mama alikuwa ameketi akitazama mlango, nduma zimefunikwa kwa kitambaa kilichotarizwa, vikombe vimepangwa. Hakula. Na mimi nikinyoosha mkono aliupiga.

Tukangoja. Kelele za vijiko zikasikika nyumba zote, kisha zikapungua. Sinia halikuja. Siku zote huja kabla hata watu hawajarudi kutoka msikitini, na siku hiyo, ya pekee ambayo niliihitaji, halikuja. Nilianza kukasirika. Nilimkasirikia mama kwa kuyaweka maisha yangu yote kwenye sufuria ya nduma. Nilimkasirikia jirani kwa ile inshallah yake. Nikajiona tayari nimerudi kwetu, nafundisha kemia kwenye ukungu, shangazi zangu wakiingia bila hodi kuuliza nitaolewa lini. Mama alifunua kitambaa, akagusa nduma kwa kidole.

"Zimepoa," akasema.

Nilidhani ndiyo hukumu. Lakini alisimama, akazikata vipande vinene, akachukua kikaango changu, akakiweka kwenye gesi asiyoiamini, moto mdogo, bila mafuta. Akavilaza. Alinyoosha mkono kwenye kifuniko, akasita, akauondoa. Alikuwa anavigeuza polepole, kimoja kimoja, mguu ulipogonga mlango.

"Mwalimu, fungua, naungua."

Alikuwa ameoga, amebadilisha dira, ananukia udi. Kulikuwa na watu waliofika na basi la Wajir, akasema, wamekosa futari njiani, asingeweza kuwaacha, ikambidi akaange tena. Akaweka sinia mezani, akavua ndara, akaketi. Hakuketi ukingoni pa kiti kama anayekwenda. Alijaa kiti chote, akauliza, "Mama, iko wapi ya kwako?"

Mama akamwekea. Jirani akauma, akatafuna, akatafakari.

"Hii inataka chumfi," akasema.

Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kumwambia mama yangu kitu kuhusu chumvi akabaki salama. Baba alijaribu mara moja, bado tunasimulia. Mama alisimama, akaileta chumvi, akaisukuma mezani. Jirani akanyunyiza, akala kipande hicho, akala cha pili, akachukua cha tatu bila kuulizwa. Aliuliza kitu hiki kinaota wapi. Mama akamweleza kuhusu bonde letu na tope lake, kwa mikono na kwa Kiswahili, kila mmoja akikivunja Kiswahili upande wake na kuelewana vizuri kunishinda mimi niliyekisomea. Jirani alitaka kujua kama nduma inaweza kuota kando ya mto Tana. Mama akasema inaweza, ila viboko wataila. Wakacheka sana, sijui kwa nini.

Kisha jirani akalisogeza sinia mbele ya mama. "Na wewe ukule. Jana ulibenda ngamia?"

Mama alinigeukia. Mimi nikatazama nduma. Halafu akachukua sambusa, nzima safari hii, akaila mpaka kwenye mshono, akijibu, "Iko sawa. Ni laini." Jirani alipoondoka kwenda kuswali isha, sinia lake lilirudi limejaa nduma, kwa sababu hata kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu.

Ungedhani mambo yaliishia hapo. Mimi nilidhani. Lakini Jumapili mama hakuutaja uhamisho, na Jumatatu asubuhi, tukingoja basi la kumrudisha kwetu, nilipojikaza nikauliza kuhusu ile shule, akasema, "Nitaongea na baba yako." Kwetu hilo si jibu, baba haongei, huongelewa. Jirani alikuja mpaka kwenye basi na furushi la sambusa, amezifunga kwa gazeti ili zisitoe jasho. Wakashikana mikono kwa muda mrefu kupitia dirishani. Basi likavuka daraja, nikarudi nyumbani na wasiwasi wangu mzimamzima.

Jumanne jioni, kabla ya futari, simu ililia. Nilikuwa nimesimama uani. Niliona jina la mama, nikapokea. Nyuma yake nilisikia baba akikohoa na kitu kikisogezwa jikoni.

"Ni upande gani unaanza?" mama akauliza.

"Upande gani wa nini?"

"Sambusa. Ziko kwenye kikaango."

Nikaanza kumweleza. Nilikuwa nimefika kwenye mvuke aliponikatiza.

"Wewe sikukuuliza. Mpe simu mwenye sambusa."

Jirani alikuwa langoni, uso kwenye karai. Nikaweka simu kwenye spika na kumshikia karibu na sikio, maana mikono ilikuwa imejaa unga. Walisalimiana kwa kirefu, wakaulizana nyumba, mwili, joto, mvua. Jirani akamwambia aanze kwa upande mpana, asifunike. Mama akasema hajafunika. Akasema mzee ameshakula mbili baridi akidhani ni mbuzi, na hajamwambia bado. Jirani akacheka mpaka akaweka chini kijiko.

Kisha nikamsikia mama anavyopumua, kule kupumua ninakokujua.

"Mama," akamwambia jirani, "huyo msichana nimekuachia wewe."

Sikutegemea kulia langoni, mbele ya wateja, lakini nililia. Jirani hakunitazama. Alikuwa ametega sikio kwenye simu, akisikiliza kikaango cha Murang'a.

"Huyo ni wangu, mama," akasema. "Wewe bindua sambusa, naskia inaungua."